Jaguar ina haki ya kubadilisha sura, lakini isimsahau mnunuzi wake



Siku chache zilizopita nilipeleka pikipiki yangu garaji. Pale anafanya kazi kijana mmoja, fundi wa bodi za magari. Yeye, mama yake na wadogo zake walihama kijiji chao kwa sababu ya vita. Aliniambia kwamba usiku ule wa kukimbia alibeba nyundo mbili na chuma kidogo cha kunyoshea bati, basi. Siku hiyo nilimkuta anaangalia video kwenye simu. Ilionyesha gari refu la rangi ya waridi, kapo ndefu, bodi nzito kama jiwe lililochongwa, na nyuma hakuna kioo. Akaniuliza: "Yaya, ninyi watu wa redio mnajua mambo. Hii ni Jaguar kweli? Na kwa nini Wazungu wanagombana juu yake?"

Nilimjibu harakaharaka, kisha nikaona aibu, kwa sababu nilijibu kama mtu asiyejua. Nikamwahidi kutafuta. Leo nampa jibu lake, na ninyi pia nawapa.

Najua wapo watakaosema: watu hawana unga, na mwandishi anatuletea gari la matajiri. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini nina sababu mbili. Ya kwanza, gari hilo ni la umeme, na batri za magari mengi ya umeme duniani zina kobalti iliyotoka katika udongo wa Kongo. Wakibadilisha gari kule, wanagusa na shimo la Kolwezi huku. Ya pili, kelele zote hizi zinahusu swali moja: mtu akilazimika kuondoka pale alipokuwa, abebe nini na aache nini? Swali hilo ninyi mliohama mnalijua kuliko wakubwa wa kampuni yoyote.

Kilichotokea

Jaguar ni kampuni ya magari ya Uingereza. Jina lake ni la mnyama wa Amerika, ndugu wa chui wetu, yule ambaye kichwa chake kiko kwenye nembo ya Jamhuri. Tangu mwaka 2008 kampuni hiyo ni mali ya Tata ya India, pamoja na Land Rover ambayo wengi wenu mmeiona katika barabara zetu za matope.

Tarehe 19 mwezi wa 11 mwaka 2024, Jaguar ilitoa video ya sekunde 30. Mliokuwa mnasubiri kuona gari mliambulia watu waliovaa nguo za rangi kali, wanatoka kwenye lifti na kutembea mahali panapofanana na mwezini. Hakuna gari hata moja. Jina la kampuni liliandikwa kwa herufi mpya, na ile alama ya zamani ya uso wa mnyama anayeonyesha meno ikaondolewa. Ujumbe mkuu ulikuwa huu: usiige kitu chochote. Dunia ikacheka, wengine wakakasirika. Elon Musk, mkuu wa kampuni ya Tesla, aliuliza mbele ya watu wote kama hao jamaa wanauza magari.

Tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka huo huo, mjini Miami, Marekani, kampuni ikaonyesha gari lenyewe. Linaitwa Type 00. Yalikuwa mawili, moja la waridi na jingine la buluu. Ni magari ya mfano tu, hayauzwi. Yanaonyesha njia ambayo kampuni inataka kufuata. Gari litakalouzwa litakuwa na milango minne, litatembea kwa umeme peke yake, na bei yake, kwa maneno ya kampuni, itapita pauni 100,000. Hiyo ni zaidi ya dola 120,000 za Marekani.

Wapenzi wa Jaguar wakagawanyika. Upande mmoja ulisema: mmeua urithi wetu, rudisheni sura ya zamani. Upande mwingine ulisema: ya zamani hayauziki tena, acheni kampuni ipumue. Kwa upande wangu, naona pande zote mbili zimeshika mkia, zikaacha kichwa.

Urithi wenyewe ni upi?

Ili tuelewe, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1922, mjini Blackpool, kijana William Lyons na jirani yake William Walmsley walianza kutengeneza vigari vya pembeni vya pikipiki, vile ambavyo abiria anakaa ubavuni mwa dereva. Baadaye wakaanza kuvalisha magari madogo ya watu wengine bodi nzuri. Yaani Jaguar ilianza kama kazi ya fundi wa bodi. Kijana wangu wa garaji, sikia hapo.

Mwaka 1928 walihamia Coventry, mji wa viwanda. Mwaka 1935 jina Jaguar likatumika kwa mara ya kwanza, lakini kama jina la gari. Kampuni yenyewe iliitwa SS. Vita ikaja, na herufi hizo mbili zikajulikana kama jina la askari wa Hitler walioua mamilioni ya watu. Mwaka 1945 kampuni ikaacha jina lake la zamani na kuchukua la Jaguar. Kwa hiyo hata jina ambalo leo watu wanalililia ni matunda ya mabadiliko. Mtu alitazama kile alichokuwa nacho, akaona kimechafuliwa na vita, akakiweka chini na kuendelea na kazi.

Mwaka 1948, katika maonyesho ya magari London, Lyons alileta XK120. Alitaka hasa kuonyesha injini mpya ya kampuni. Watu walipoona bodi ile ya chini na mikunjo yake laini, wakaanza kuitaka mara moja. Namba 120 ilikuwa ni mwendo wake: maili 120 kwa saa, karibu kilomita 193. Kwa wakati ule, gari la kununua dukani na kukimbia hivyo lilikuwa kitu cha ajabu.

Mwaka 1953, kwenye mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa, Jaguar ilishinda kwa kutumia breki za diski. Wapinzani wake walikuwa bado na breki za ngoma, zile zinazochoka zikipata joto. Leo karibu kila gari dogo linalopita mbele ya nyumba yenu lina breki za diski kwenye magurudumu ya mbele. Jaguar ilishinda mashindano hayo mara saba, kuanzia mwaka 1951 hadi 1990.

Kisha ikaja E-Type, mwezi wa 3 mwaka 1961, katika maonyesho ya Geneva. Sura yake ilitengenezwa na Malcolm Sayer, mtu aliyetoka kwenye kiwanda cha ndege. Mikunjo ya gari lile aliitafuta kwa hesabu, ili upepo upite bila kushikwa. Tangu mwaka 1996 E-Type moja imo katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa mjini New York. Yaani gari limewekwa pamoja na picha za wachoraji wakubwa.

Sasa niambieni: katika hadithi hii, ya zamani iko wapi? XK120 ilikuwa mpya. Breki za diski zilikuwa mpya. E-Type ilikuwa mpya hata watu wakashtuka. Lyons hakuiga gari la babu yake. Wanaolilia urithi wa Jaguar wanalilia vitu ambavyo siku vilipozaliwa havikufanana na kitu chochote. Kwa hiyo kampuni ikisema haitaki kuiga, kwenye jambo hilo iko sawa na mwanzilishi wake. Mimi siwezi kuihukumu kwa hilo.

Waliong'ang'ania sura ya zamani walifika wapi?

Kuna jambo ambalo wapenzi wa zamani hawapendi kulikumbuka. Jaguar ilikwisha kujaribu njia yao, na njia hiyo haikuwafikisha.

Ford ya Marekani iliinunua Jaguar mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati wa Ford, kampuni ilitoa magari yaliyovaa sura ya babu zao. S-Type ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilichukua macho na pua za Jaguar za miaka ya 1960. XJ ya mwaka 2003 inanisikitisha zaidi. Ndani yake ilikuwa gari la kisasa kabisa: bodi ya aluminiamu, nyepesi, iliyounganishwa kwa gundi na ribiti kama ndege. Lakini kwa nje ilifanana na XJ ya mwaka 1968. Mpita njia alidhani ni gari la mzee wake. Ujuzi wote ule ulifichwa ndani ya koti kuukuu. Mwaka 2008 Ford ikachoka, ikauza Jaguar na Land Rover kwa Tata.

Waliokuwa wakisifu sura ile ya zamani hawakufika dukani kwa wingi. Na hapa ndipo somo lilipo. Anayesifu urithi wako si lazima awe ndiye anayenunua bidhaa yako. Tunao hata sisi watu wa namna hiyo: anasifu ngoma za kijiji, anasifu ufundi wa wazee, lakini ukimwomba anunue kikapu kimoja cha mama anayesuka kambini, anasema bei ni kali.

Baada ya hapo mchoraji mkuu Ian Callum, kijana wa Scotland aliyekua akiipenda Jaguar, aliitoa kampuni kwenye koti lile. XF ilikuja, XJ mpya ikaja, na mwaka 2013 F-Type, gari la spoti ambalo halikuiga E-Type lakini ukiliona unajua ni mtoto wa nyumba ile. Mwaka 2018 ikaja I-Pace, gari la umeme, wakati ambapo kampuni nyingi kubwa za Ulaya zilikuwa bado zinaogopa umeme. Mwaka 2019 I-Pace ilipewa taji la gari bora la mwaka duniani. Huo ni ushahidi kwamba unaweza kuwa mpya na kuwa mwana wa nyumba kwa wakati mmoja.

Jirani walifanyaje?

Tazama Porsche ya Ujerumani. Gari lake 911 lilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963, na hadi leo ukiliona kwa mbali unalitambua. Lakini usidanganyike kwamba halikubadilika. Kwa zaidi ya miaka thelathini injini yake ilipozwa kwa hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaweka ya kupozwa kwa maji, na wapenzi wa zamani wakalia kama kwenye matanga. Wakati huo huo walibadilisha taa za mbele, zile za mviringo, na kelele zikazidi. Porsche ilisikiliza, ikachuja. Mwaka 2004 ilirudisha taa za mviringo, lakini injini ya maji ilibaki. Mwaka 2024 ikatoa 911 yenye injini na umeme pamoja. Walijua lipi ni uso wa mtu na lipi ni shati lake.

Tazama pia Morgan, kiwanda kidogo cha Malvern, Uingereza. Hadi leo chini ya bati la magari yao kuna fremu ya mbao za mti unaoitwa mwash. Lakini mwaka 2020 waliacha ile chasi ya chuma waliyoitumia tangu miaka ya 1930, wakaweka ya aluminiamu. Mbao zimebaki, mgongo umebadilika.

Mkisikia habari ya gari la mbao, watu wa Kivu Kaskazini mnatabasamu, kwa sababu mnawaza chukudu. Hakika. Chukudu ni mbao, imevikwa mpira wa matairi yaliyochakaa, na inashuka mlima na magunia ya viazi na makaa. Mjini Goma imejengewa sanamu. Lakini fundi wa chukudu hangojei ruhusa ya mtu kuiboresha. Akipata rulema nzuri, anaiweka. Akipata mpira mgumu zaidi, anaufunga. Kwake chukudu ni ile inayobeba mzigo mzito bila esanse na kumlisha mwenyewe. Hilo likikosekana, hata mbao ziwe nzuri namna gani, ni kuni.

Basi kosa la Jaguar ni nini?

Kama sura mpya siyo kosa, kosa ni nini? Naona matatu.

La kwanza ni dharau. Katika video ile ya kwanza hapakuwa na gari, hapakuwa na fundi, hapakuwa na hata kumbukumbu moja ya wale waliobeba jina hilo kwa miaka karibu mia. Mzee aliyeweka akiba miaka mingi ili anunue Jaguar moja, akaitunza, akaipaka nta kila Jumapili, aliambiwa kwa picha kwamba yeye si mtu wao tena. Unaweza kuhama nyumba bila kumtukana aliyeijenga. Kwetu mtu akihama anaaga. Anapita kwa wazee, anasema naenda. Kampuni haikuaga.

La pili ni pengo. Jaguar ilibomoa nyumba ya zamani kabla ya kusimamisha mpya. F-Type ilifika mwisho katika mwaka 2024, na mwishoni mwa mwaka huo kampuni iliacha kuuza magari mapya huko kwao Uingereza, ikingojea hayo ya umeme. Fikiria mwenye duka ambaye rafu zake ni tupu lakini mlangoni ameweka tangazo kubwa. Ninyi mliolala kwenye hema mnajua maana ya kukaa kati ya nyumba iliyobomoka na nyumba ambayo haijajengwa. Tofauti ni kwamba ninyi mlilazimishwa. Wao walichagua.

La tatu ndilo kubwa, na wengi hawalisemi: bei. E-Type ilipotoka mwaka 1961 iliuzwa kwa pauni elfu mbili na kidogo. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya bei ya Aston Martin ya wakati ule. Ndiyo, mfanyakazi wa kawaida hakuweza kuinunua. Lakini daktari wa mji mdogo, mwenye duka, fundi aliyefanikiwa, walikuwa na tumaini. Hapo ndipo Lyons alipowashinda wenzake: alichukua uzuri na mwendo uliokuwa wa matajiri wakubwa, akavishusha ngazi kadhaa. Kwangu mimi, huo ndio urithi wa Jaguar. Uso wa mnyama, kapo ndefu, mikunjo ya Sayer, vyote hivyo vilikuwa mlango. Nyumba yenyewe ilikuwa hiyo: uzuri uliokaribia watu.

Sasa kampuni inasema gari lake jipya litapita pauni 100,000. Inataka kuuza machache kwa bei ya juu. Hapo ndipo ilipoacha urithi, na ajabu ni kwamba watu wanagombana juu ya rangi ya waridi.

Kampuni nayo ina hoja

Nisiwe hakimu wa upande mmoja. Kampuni ina hoja nzito. Mwaka 2018 Jaguar iliuza magari karibu 180,000 duniani. Katika mwaka wa hesabu ulioisha mwezi wa 3 mwaka 2024, iliuza chini ya 70,000. Ilikuwa inashindana na BMW, Mercedes na Audi, kampuni zinazouza mamilioni na kwa hiyo zinanunua chuma, taa na batri kwa bei nafuu. Mfanyabiashara mdogo wa soko letu anajua jambo hili: anayenunua magunia kumi hawezi kushindana na anayenunua mia kwa bei ile ile. Wakubwa wa Jaguar waliona wakiendelea hivyo watakufa polepole, wakaamua kupanda juu ambako wanunuzi ni wachache lakini kila gari linaacha faida.

Hoja hiyo naiheshimu. Kampuni iliyokufa haitunzi urithi wa mtu. Na wafanyakazi wa viwanda vyake wana watoto wa kulisha. Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama wangesema wazi: tumeshindwa kuuza kwa bei ile, tunabadilisha njia, na tunawashukuru mliotufikisha hapa. Wangeonyesha gari kwanza, nguo za rangi baadaye. Watu husamehe anayebadilika kwa sababu ya shida, lakini anayebadilika kwa majivuno wanamkumbuka muda mrefu.

Na sisi wenye udongo?

Sasa nirudi kwetu, kama nilivyoahidi. I-Pace ile ya mwaka 2018 ilikuwa na batri ya kilowati-saa 90, yenye nikeli, manganizi na kobalti. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa katika mkoa wa Lualaba na Haut-Katanga. Sehemu moja inachimbwa na kampuni kubwa kwa mitambo, sehemu nyingine inachimbwa na ndugu zetu kwa mikono, kwa sururu na taa ya kichwani.

Kwa hiyo mtu akikuuliza, gari la Jaguar linakuhusu nini, mwambie: linanihusu kuanzia chini. Mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Mwezi wa 10 mwaka huo huo ikaanza kuruhusu kwa kiasi kilichopimwa kwa kila kampuni. Maamuzi ya Kinshasa yanasikika hadi kwenye viwanda vya batri vya Asia, na maamuzi ya wachoraji wa magari yanasikika hadi Kolwezi. Kwa mfano, viwanda vingi vya China vinatumia batri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti kabisa. Mtengeneza gari akichagua batri hiyo, mchimbaji wa Lualaba anapoteza soko. Akichagua yenye kobalti, swali linakuwa: imechimbwa na nani, na amelipwa nini?

Ndiyo maana nasema mabadiliko ya kweli ya gari hayaishii kwenye bodi. Kampuni inayojisifu kwamba haiigi mtu, basi isiige na ile tabia ya zamani ya kuchukua mali ya nchi ya mbali bila kutaja jina la nchi hiyo. Kuna wapenzi wa magari wanaoweza kukutajia mwaka, namba ya injini na jina la mchoraji wa kila Jaguar tangu 1935. Ningependa siku moja waweze kutaja na mahali lilipotoka jiwe lililo ndani ya batri. Huo pia ungekuwa usasa, tena usiohitaji rangi ya waridi.

Jibu langu

Basi, mdogo wangu wa garaji, uliuliza: hii ni Jaguar kweli? Jibu langu ni hili. Sura haiizuii kuwa Jaguar. Jaguar zote zilizopendwa zilishtua watu siku ya kwanza. Waache wachore upya, waweke umeme, hata waondoe kioo cha nyuma wakitaka. Kampuni yenye jina la zamani inapaswa kubadilika, la sivyo inakuwa jumba la makumbusho linalolipa mishahara.

Lakini masharti ni matatu. Gari lenyewe litembee barabarani na lithibitishe, kwa sababu video haipandi mlima. Wale waliolibeba jina wapewe heshima yao. Na baada ya hili la bei kali, lije jingine ambalo mwalimu au mwenye duka huko Uingereza anaweza angalau kuliota, kama baba yake alivyoota E-Type. Wakishindwa hilo la tatu, watakuwa wamebaki na jina na wamepoteza nyumba.

Nilipomsomea maneno haya kabla ya kuyatoa, alisikiliza huku anagonga mlango wa Toyota iliyogongwa na kamio. Akasema: "Yaya, mimi kijijini niliacha mlango mzuri wa mninga ambao baba alitengeneza. Nilibeba nyundo." Kisha akaendelea kugonga, kwa sababu mwenye gari alikuwa anakuja saa kumi kuchukua gari lake.

Mimi sina la kuongeza. Ninyi mnasemaje? Mkituletea maoni yenu redioni, tutayasoma.